Mlango wa Sajenti Nkwabi

Kila mnapokuja hapa Ngokolo kunisalimia, mnaniuliza swali lile lile: "Mzee, wewe hasa ulikuwa wakili au mwanajeshi?" Aisee, mmenichosha. Nilikuwa wakili kwanza, kwenye mahakama hizi hizi za Shinyanga, na joho la kuazima lililonipwaya mabegani. Halafu nikavaa magwanda, nikawa afisa sheria wa jeshi mpaka nikafika ukanali. Miaka ya mwisho wakanipa ofisi ya kushughulikia askari wastaafu wa ukanda huu, kuanzia hapa mjini hadi Geita kwenye machimbo. Mnaona kazi tatu hapo. Mimi naona moja tu: kukaa na mtu aliyebanwa mpaka aseme jambo lenyewe. Ninyi mliotoka chuo juzi mnadhani hiyo ndiyo sehemu rahisi. Haya, kaeni niwaambie. Na hizo simu zigeuzeni kifudifudi.

Jeshi halikunipokea kwa heshima, msidanganyike. Mkufunzi wetu alipojua kwamba mimi ni wakili alifurahi kupita kiasi. Akanitwisha mfuko wa mchanga na kuniamuru nizunguke uwanja. Nikamuuliza kosa langu ni lipi. "Wakili," akasema, "hapa rufaa inasikilizwa mkata rufaa akiwa anakimbia. Kimbia, nakusikiliza." Nilikata rufaa mizunguko mingi siku ile, na zote zilitupwa. Wenzangu walicheka mpaka nao wakaunganishwa kwenye kesi.

Aliyenifundisha kazi ni Meja Bhoke, mwanamke wa Kikurya, mkali kuliko mkufunzi yule. Siku moja tulikuwa tunamhoji koplo aliyeshtakiwa kutoroka lindo. Kila alichoulizwa alijibu, "Ndiyo, afande!" Ulikuwa lindoni? Ndiyo, afande. Ulitoroka? Ndiyo, afande. Ulibaki? Ndiyo, afande. Mwendesha mashtaka akaanza kukunja karatasi zake, kesi imekwisha. Meja Bhoke akavua kofia, akaiweka sakafuni, akavuta kiti mpaka magoti yake yakakaribia ya yule koplo. "Mdogo wangu," akamwambia, "hebu nieleze, siku ile mlikula nini?" Ndani ya muda mfupi tukajua kwamba koplo alikuwa na homa kali na alichukuliwa na mwenzake kupelekwa zahanati. Baadaye Meja akaniambia, "Askari ukimuuliza ukiwa na kofia, anakijibu cheo chako. Swali lako hajalisikia." Nimevua kofia tangu siku ile mpaka nilipostaafu, na kuna mabosi walioniona sina nidhamu. Shauri yao.

Siku hizi mnahoji watu kwenye skrini. Shahidi yuko Geita, hakimu yuko Shinyanga, wakili yuko nyumbani kwake amevaa tai juu na kaptula chini. Msinione mzee wa zamani anayelalamika. Inaokoa safari, na nauli ni mateso kwa wengi. Lakini kwenye skrini huoni miguu ya mtu. Huoni anamtazama nani kabla hajajibu. Sajenti Nkwabi nisingemwelewa hata kidogo kwenye skrini, na ndiyo maana leo nawasimulia habari zake. Mwenyewe ameniruhusu.

Ilianza na mkewe. Mama Kulwa aliingia ofisini asubuhi, amevaa kitenge cha kanisani, viatu kavishika mkononi kwa sababu ya tope.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Karibu kiti."

Hakukaa. Akanieleza habari za mvua. Akanieleza kuhusu mahindi yaliyopigwa na funza, na kuhusu binti yake Kulwa, aliyeolewa Kahama pale Nyasubi, kwamba amejifungua salama mtoto wa kiume. Nikampa pongezi, nikanyamaza. Kumbukeni hili: mstaafu au mke wa mstaafu hakuanzii na jambo lililomleta. Analizunguka kwanza aone kama wewe ni mtu wa kuambiwa. Ukimkatiza na "sawa, shida yako nini," ataomba kitu kidogo cha uongo, atapewa, ataondoka, na lile jambo ataondoka nalo.

Mwisho akakaa. "Baba," akasema, "tumetengwa."

Ninyi mliokulia mjini, sikilizeni niwaeleze. Kwetu Usukumani kuna sungusungu, ulinzi wa kijiji. Hatari ikitokea filimbi inapulizwa, na yowe linafuata nyumba kwa nyumba. Huo ndio mwano. Ukisikia mwano unatoka, na chochote kilicho mkononi, hata kama ni mwiko wa ugali. Mtu mzima aliyebaki ndani wakati wa mwano anahesabiwa kuwa ni mwoga au anashirikiana na wezi, na cha pili ndicho kinachosemwa zaidi. Anaitwa kwenye dagashida, mkutano wa kijiji kizima, na adhabu yake ni kutengwa. Hapigwi. Anaachwa tu. Akisalimia haitikiwi. Dukani hauziwi chumvi, mashineni hasagiwi, bodaboda haimpakii. Akifiwa, hakuna wa kumchimbia kaburi. Nimeona watu waliotoka vitani wazima, lakini kutengwa kukawavunja.

Majambazi walikuwa wamevamia kijiji chao usiku, kule njia ya Bulyanhulu, wakimtaka mnunuzi mmoja wa dhahabu. Filimbi ikapulizwa, kijiji kikatoka. Kijana mmoja, Masanja, alikuwa mbele ya wote, akapigwa risasi akafa pale pale. Na mama yake Masanja alikuwa amepiga mlango wa Sajenti Nkwabi, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, akipiga na kuita, na Sajenti hakufungua.

"Alikuwa ndani?" nikauliza.

"Alikuwa ndani, baba. Mimi nilikuwa Nyasubi kwa mzazi. Ningekuwepo..." Akaishia hapo. Akashika viatu vyake akaanza kuvifuta tope kwa kidole.

Mtu akikata sentensi mwenyewe, msimsaidie kuimalizia. Ikumbukeni tu. Nikamuuliza sasa wanataka nini zaidi, kama wameshatengwa. Akasema mumewe aliitwa kwenye dagashida, akakaa katikati kimya kama hahusiki, hakujibu hata neno, na watu wakaona ni dharau kubwa juu ya msiba. Jumamosi ile iliyokuwa inakuja dagashida ingekaa tena, mara hii kuamua wafukuzwe kijijini kabisa. Nyumba, zizi, shamba, na makaburi mawili ya watoto wao waliokufa wadogo, vyote viachwe.

Nikaenda na dereva wangu. Karibu na kijiji barabara ilijaa pikipiki za wachimbaji, wanaapolo wanawaita, na makarasha yanayosaga mawe yalikuwa yananguruma pande zote. Nikamsimamisha kijana wa bodaboda nikamuuliza kwa Sajenti Nkwabi ni wapi. Aliponisikia nataja jina lile, akawasha pikipiki akaondoka bila neno. Nilimuuliza mwingine, naye hivyo hivyo. Kwa hiyo kutengwa kulikuwa kumefika mpaka kwenye jina.

Tulipoipata nyumba, Nkwabi alikuwa anafunga fito za zizi, ametupa mgongo. Nikapiga hodi. Kimya. Nikapiga tena. Dereva wangu akapiga honi, na bado kimya.

"Afande," dereva akanong'ona, "huyu mzee kweli ana kiburi."

Ndipo ng'ombe wake mmoja akasimamisha masikio na kututazama. Nkwabi akamtazama ng'ombe, akafuata macho yake, akageuka. Aliponiona akakaza mgongo, akapiga saluti safi, uso umejaa furaha. "Karibu, afande! Karibu sana!" Nilikuwa nimeshaona askari wengine wa vikosi vya mizinga kama chake, najua mizinga inafanya nini kwenye masikio ya mtu.

Tukakaa barazani, Mama Kulwa akaleta chai ya rangi. Tukaongea vizuri kabisa. Nkwabi alijibu kila kitu, akacheka panapochekwa, na muda wote macho yake yalikuwa kwenye mdomo wangu. Nikainama kama nafunga kamba ya kiatu, nikauliza nikiwa naangalia chini, "Masikio yalianza lini?" Hakujibu. Kikombe cha Mama Kulwa kikasimama njiani. Nikainua uso, nikavua kofia, nikarudia swali polepole.

Akamtazama mkewe kwanza. "Zamani, afande. Nikiwa bado kwenye mizinga. Nikajifunza kusoma midomo ili wasiniondoe."

"Na kijijini?"

"Hakuna anayejua. Mama Kulwa ndiye masikio yangu. Akisikia mtu anakuja, ananigusa." Kisha akaniomba kitu ambacho ninyi pia mtaombwa siku moja. "Afande, nakuomba. Usimwambie mtu."

Weee! Nilitaka kumpigia kelele, na nilipiga. Nikamwambia Nkwabi, una ukweli unaoweza kukuokoa, umeuficha kwa kuona aibu ya masikio? Wakikufukuza mkeo atakwenda wapi? Akaniacha nimalize. Bila shaka alikuwa amezoea kuona midomo ya maafisa ikifoka.

"Si aibu ya masikio tu," akasema. "Masanja nilimfundisha mimi. Mimi ndiye niliyewafundisha vijana wote wa sungusungu, namna ya kukimbia, namna ya kujificha, nani atangulie na nani afuate. Siku ile alitangulia yeye kwa sababu mimi sikuwepo. Mahali pale palikuwa pangu. Sasa nisimame mbele ya mama yake niseme nini? Niseme masikio? Yeye ana kaburi, mimi nina kisingizio?"

Mama Kulwa aliingia ndani, tukamsikia akilia. Yaani mimi nilimsikia.

Hapo ndipo nilipokutana na mteja ambaye Meja Bhoke alinionya juu yake miaka mingi kabla: mteja anayetaka kuhukumiwa. Mwizi anayekataa wizi ni kazi ya kawaida. Huyu hataki kushinda, na siri ni yake, siyo yako. Sheria yetu iko wazi, na mliiapia. Alichokuambia mteja hukisemi bila ruhusa yake, hata kama kingemwokoa, hata kama mkewe analia chumbani. Kuna kijana mmoja kati yenu aliniambia mwaka jana kwamba kanuni hiyo ni ya vitabuni. Nilimtazama tu. Ukishaisema siri ya mtu mmoja kwa huruma, nani mwingine atakaa mbele yako?

Lakini kutosema hakukuzuii kufanya kazi. Nikamuuliza swali moja. "Kwenye dagashida, mbona hukujibu? Umeniambia hutaki kusema. Lakini ukiulizwa, utadanganya?"

Alikasirika waziwazi. "Mimi sijamdanganya mtu aliyeniuliza. Pale waliongea wengi, wengine nyuma yangu, wengine pembeni. Sikujua nani anauliza nini. Nikatazama chini."

"Na mtu mmoja akisimama mbele yako, akakuuliza usoni?"

Akafikiri. "Nitajibu, afande."

"Hata akiwa ni Mama Masanja?"

"Namwomba Mungu asiwe yeye," akasema. Lakini hakurudisha neno lake.

Jumamosi nilifika mapema kwenye uwanja wa mnada wa ng'ombe, ambako dagashida ilikuwa inakaa. Nilikuwa nimevaa shati la kawaida. Mwenyekiti wa sungusungu, Mzee Ng'wandu, alinijua kazi yangu na hakunificha. "Kanali, tunakuheshimu. Lakini hapa hatuna mawakili. Ukisimama kumtetea, watu wataondoka."

"Sikuja kumtetea. Naomba utaratibu mmoja tu," nikamwambia. "Kila mwenye neno juu yake aje asimame mbele yake, mmoja mmoja, amtazame usoni, aseme."

"Kwa nini?"

Vijana, hapa ndipo mnapohitaji ufundi. Tafuteni jambo la kweli mnaloweza kulisema bila kuigusa siri. Usiseme uongo, Msukuma mzee anaunusa. Nikasema, "Kwa sababu mnataka kumtoa mtu kwenye ardhi yake milele. Anayemtoa jirani yake namna hiyo amtazame machoni. Asimtoe akiwa amesimama mgongoni kwake." Mzee Ng'wandu alitafuna ulimi kidogo, akasema ni haki.

Nkwabi akakaa katikati juu ya kigoda. Mama Kulwa alikuwa upande wa wanawake, na wanawake walikuwa wameacha nafasi tupu kila upande wake. Wa kwanza kuja mbele alikuwa mwenye duka. Akauliza kama ni kweli Sajenti alikuwa na urafiki na mabroka wa dhahabu wageni. Nkwabi akajibu hapana, akaeleza. Watu wakaangaliana, kwa sababu tangu msiba ule wengi walikuwa hawajamsikia akifungua mdomo. Akaja wa pili, akaja wa tatu. Kila mmoja alijibiwa kwa utulivu. Nikaanza kupumua.

Kisha Mama Masanja akanyanyuka.

Ni mama mwembamba, mrefu, na siku ile alikuwa amefunga kaniki nyeusi. Alikwenda mbele ya Nkwabi akasimama karibu sana.

"Mwanangu alikuwa anakimbia," akasema. "Akageuka akaniambia, mama, mwamshe Sajenti. Nikaja mlangoni kwako. Nikapiga kwa mikono miwili. Nikakuita kwa jina lako, nikakuita baba Kulwa, nikakuita kwa jina la mama yako aliyekuzaa. Ulikuwa ndani?"

"Nilikuwa ndani, mama."

Watu wakaguna. Mama Masanja akainua mkono, wakanyamaza.

"Watu wananiambia majambazi ndio waliomuua. Mimi nawaambia hapana, mwanangu alikufa kwenye mlango ule. Silali. Nauona ule mlango. Baba Kulwa, mbona hukunifungulia?"

Nkwabi akanitazama mimi. Mbele yenu nakiri nilitamani kutikisa kichwa, nimwambie sema, sema! Nikatazama vidole vyangu. Haikuwa zamu yangu.

"Sikukusikia," akasema. Sauti yake ilitoka ndogo. "Sisikii, mama. Mizinga ilimaliza masikio yangu tangu jeshini. Nawaona midomo tu. Nilikuwa nimelala, sikukusikia. Nisamehe. Sikutaka kukuambia, kwa sababu masikio si jibu la kumpa mama aliyefiwa."

"Mwongo!" mtu akapiga kelele nyuma. "Kila siku tulikuwa tunaongea naye!" Wengine wakadakia, ikawa vurugu. Nkwabi hakugeuka. Alikuwa anamtazama Mama Masanja.

Mzee Ng'wandu akanyanyuka. Sikujua anakwenda wapi. Akazunguka taratibu mpaka nyuma ya kigoda, akatoa filimbi shingoni, filimbi ile ile ya mwano, akaipuliza kwa nguvu zake zote, nyuma kabisa ya kisogo cha Nkwabi.

Wajameni, uwanja mzima ulisimama. Wazee waliruka, vijana walishika fimbo, wanawake walikumbatia watoto, hata mimi nilijikuta wima. Mwano uko mwilini mwa Msukuma, hauombi ruhusa. Nkwabi peke yake alibaki amekaa, mikono magotini, macho kwenye mdomo wa Mama Masanja, akingoja amwambie kitu. Alipoona watu wote wamesimama ndipo aliposhtuka, akatazama huku na huku, hajui kimetokea nini. Upande wa wanawake kuna mtu aliyeanza kulia, kisha wengi.

Mama Masanja alichuchumaa mbele yake mpaka nyuso zao zikalingana. Akasema polepole, akifungua mdomo vizuri kwa kila neno.

"Kwa hiyo mwanangu hakukataliwa?"

"Hakukataliwa, mama. Ningesikia, ningemtangulia."

"Najua," akasema. "Ndiyo maana nilikuja kwako."

Akaweka kichwa chake kwenye magoti ya Nkwabi akalia, na waliokuwepo msibani waliniambia kwamba pale makaburini hakulia hata chozi. Nkwabi hakujua aweke wapi mikono. Mama Kulwa akaja, akakaa chini karibu nao, akamshika Mama Masanja mgongoni, na hakuna aliyesogea mbali naye.

Mzee Ng'wandu alibaki na filimbi mkononi. Hakutangaza hukumu, wala hakuna aliyeiuliza. Watu walianza kutawanyika kurudi mashambani na machimboni. Njia ya kutokea ilikuwa nyuma ya kigoda, ndiyo fupi, lakini waliiacha wote, wazee kwa vijana. Kila mmoja alikwenda kusimama mbele ya Nkwabi, akangoja mpaka aonekane, ndipo akamsalimia kwa Kisukuma, "Mwangaluka, baba."

Naye akawaitikia mmoja mmoja, mpaka wa mwisho.